Kupanga godauni la zamani katikati ya Mwanza: stoo safi, fremu za wastani, ukumbi wa kuepuka

Madalali wa Mwanza wana sifa tatu za godauni la zamani: kubwa, katikati ya mji, linafaa biashara yoyote. Mbili za kwanza huwa kweli. Ya tatu ndiyo inayowafilisi wapangaji. Jengo lililosimamishwa kwa ajili ya marobota ya pamba lilipewa sakafu ya pamba, hewa ya pamba, na milango upande ambao pamba ilipitia. Ukiliingizia kazi nyingine, kuna mambo litakusaidia na kuna mambo litakugomea, na ni vizuri kuyajua kabla hujalipa kodi ya mwaka mzima.

Tathmini hii ni ya aina moja tu ya jengo: magodauni ya mji wa chini, ukanda wa kutoka stesheni ya reli kuelekea ziwani. Kuta ni nene, za mawe au matofali ya kuchoma. Kenchi ni za chuma au mbao ngumu, paa ni la bati, milango ni mikubwa ya chuma inayoteleza, na nje kuna jukwaa la kupakilia lililoinuka kama mita moja. Leo yanapangishwa kwa sura tatu: stoo ya jumla, fremu za maduka, na mgahawa au ukumbi wa shughuli.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni mlango unatazama wapi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata mzigo wa Mwanza ulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu ndipo ukapanda treni ya Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mzigo ulikuwa wa meli na treni, kwa hiyo mlango mkubwa hutazama gati au njia ya reli. Ukuta ulio barabarani, wanakopita wateja wa leo, mara nyingi ni mgongo wa jengo, wenye vidirisha vya juu vya nondo na basi. Anayetafuta stoo hilo halimsumbui. Anayetafuta fremu amepewa nyumba iliyompa kisogo mteja.

Jambo la pili ni kilichokaa humo kabla yako. Enzi za Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzigo ulikuwa pamba: marobota ya ratili 400, yaani kilo 181, na mbegu kwenye magunia. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Godauni la mjini likabaki linatafuta kazi. Likapata mchele, saruji, mitumba, dagaa, kayabo (samaki wa chumvi), mabondo (vibofu vya hewa vya sangara), samani. Kila mzigo uliacha kitu sakafuni au ukutani, na dalali hatakuambia ni kipi.

Mbegu za pamba huacha mafuta. Yakishanywewa na zege, rangi ya sakafu haishiki na vigae hubanduka. Hilo ni la kukera tu, halina hatari kwa mzigo wa magunia. Saruji huacha vinundu vigumu vinavyochana mifuko. Kibaya kuliko vyote ni kayabo, kwa sababu ya chumvi. Sangara aliyetiwa chumvi hutoa maji, maji yale yanazama sakafuni na kwenye kuta, na chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani kila masika. Unaingia asubuhi unakuta sakafu imelowa na hakuna bomba lililopasuka wala paa linalovuja. Ukutani unaona unga mweupe na lipu inayomomonyoka, hasa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno.

Kupima ni rahisi na hakuna mwenye nyumba atakayekataa. Chukua karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, itandaze sakafuni, gundisha kingo zote nne kwa selotepu pana, iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi ifunue. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unatoka ardhini au kwenye chumvi iliyo ndani ya zege. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni mvuke wa hewa unaogandia sakafu ya baridi, na dawa yake ni kufungua matundu ya paa. Fanya hivyo sehemu tatu angalau: katikati, kwenye kona ya mbali, na mahali unapoona sakafu ina rangi tofauti.

Ukuta wenye chumvi usiuoshe. Maji huirudisha chumvi ndani na mwezi ujao utaiona tena. Inabanduliwa lipu yote ya saruji hadi mita moja au nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta unaachwa ukauke, unga unafagiwa kwa brashi kavu na kutolewa nje, kisha inapigwa lipu ya chokaa na mchanga, ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Kuta hizi za zamani zimejengwa kwa udongo wa chokaa unaopumua. Fundi akizifunga kwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta ili zipendeze kwenye picha za kutafutia wapangaji, unyevu unakosa pa kutokea chini na unapanda juu. Ukiona godauni la zamani limepakwa rangi mpya inayong'aa hadi mita mbili tu kutoka chini, uliza kilichofichwa.

Tuje kwenye stoo, ambako majengo haya hayana mpinzani. Sakafu ya chini imekaa juu ya ardhi na ilizoea uzito. Gunia la kilo 100 la mchele likilazwa huchukua kama mita mraba 0.6. Ukipanga 12 kwenda juu, unaweka karibu tani 2 kwa kila mita mraba, na sakafu ya chini iliyo nzima haitishiki. Ghorofa ni habari nyingine kabisa. Magodauni machache yana ghorofa ya mbao au zege jembamba lililokuwa la makarani, na sakafu ya ofisi ya kawaida husanifiwa kwa kilo 250 hivi kwa mita mraba. Hapo ni gunia moja kwenda juu. La pili tayari ni kamari. Mwenye nyumba anayekupa ghorofa ya "stoo ya ziada" kwa bei ya chini, mwambie aandike kwenye mkataba uzito inaobeba. Kwa kawaida ofa hiyo hufa palepale.

Kodi ihesabiwe kwa eneo linalotumika. Chukua godauni la mita 20 kwa 15, yaani mita mraba 300. Ukiacha sentimita 75 kutoka kila ukuta ili hewa ipite na panya waonekane, ukaweka njia ya kati ya mita 2 na njia ya kukata ya mita 1.5, unabaki na mita mraba 195 hivi za kupanga mzigo. Ni asilimia 65. Gawanya kodi kwa hizo 195 ndipo ulinganishe na stoo ya kisasa ya nje ya mji. Magunia yakae juu ya chaga zenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, hata kama jaribio la nailoni lilitoka kavu. Na lumbesa zisiingie kabisa: gunia lenye kilemba cha kamba juu halilali sawa, na rundo la lumbesa huanza kuegama kuanzia safu ya tano.

Jukwaa la kupakilia ndilo zawadi kubwa ya jengo. Kimo chake kilipangwa kwa behewa, na kwa bahati njema bodi ya Fuso inakaribia usawa huohuo. Makuli hawapandishi gunia, wanatembea nalo tu. Lakini guta la magurudumu matatu na kirikuu, ile pikapu ndogo, ziko chini ya hapo, kwa hiyo kama wateja wako ni wa gunia mbili mbili, jukwaa linageuka kuwa kero na utahitaji ngazi pana pembeni. Angalia pia kona ya barabara. Mitaa ya mji wa chini haikupangwa kwa semitrela, na gari refu litalazimika kushushia mzigo mbali ukahamishwe kwa Canter. Gharama hiyo ya pili ya makuli hula tofauti yote ya kodi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, na mzigo unaweza kufika saa yoyote ya usiku. Uliza kama lango linafunguliwa usiku na nani anashika ufunguo.

Dagaa wanahitaji neno lao. Ni wepesi, hivyo sakafu haina shida nao, lakini magunia ya chini yakibebeshwa mengi dagaa husagika na kuwa unga wa chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Safu tano au sita zinatosha. Harufu ndiyo mgogoro. Mchele unavuta harufu, na mara nyingi ukuta unaotenganisha wapangaji wawili umeishia usawa wa kenchi, juu wote wanapumua hewa moja. Usipange chumba cha mchele kwenye godauni ambalo jirani yako ni wa dagaa, hata ukionyeshwa ukuta mpya wa tofali. Tazama juu kwanza. Kwa wa dagaa, mahali penu ni Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wapo tayari. Godauni la mjini lina maana kama unalichukua zima. Mabondo ni kinyume chake: mzigo mdogo wa thamani kubwa, unaotosha kwenye kile chumba cha karani chenye mlango mzito na dirisha la nondo. Hicho kikiwa kikavu ni chumba bora kabisa cha mabondo mjini.

Paa likaguliwe siku ya mvua, na Mwanza haitakuchelewesha sana kati ya Novemba na Mei. Kinachovuja mara nyingi si bati lenyewe. Ni mfereji wa kati, pale paa mbili zinapokutana, ambao umejaa majani, vinyesi vya popo na chupa za maji. Mvua ya milimita 50 kwa saa kwenye paa la mita mraba 300 ni lita 15,000, na zote zinataka kutoka kwa bomba moja la inchi nne ambalo mtu alilipunguza ili kuweka kibao cha duka. Dai mabomba mawili ya inchi nne, na mdomo wa mfereji uwe na wavu wa kuinuka, usiwe bapa. Kama sehemu ya paa ni mabati mazito ya kijivu yanayovunjika kama kigae badala ya kupinda, chukulia kuwa ni asbesto. Usitoboe, usikate, usipande. Kuyaondoa ni kazi ya mwenye jengo na mafundi wenye vifaa vya kinga, na iandikwe hivyo kabla hujaweka mzigo chini yake.

Chini nako kuangaliwe. Maji ya mvua ya mji wa chini huishia Mto Mirongo na ziwani. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964 na tena mwaka 2020, na ziwa likipanda mitaro ya karibu na ufukwe hukosa pa kumwaga, ikarudisha maji ilikoyatoa. Tafuta mstari wa tope kwenye ukuta wa nje na kwenye nguzo za milango, na ulinganishe na sakafu ya ndani. Jukwaa likiwa limekatwa ili magari yaingie hadi ndani, kinga iliyokuwepo imeondolewa.

Umeme wa magodauni haya kwa kawaida umetandazwa na kila mpangaji juu ya ule wa aliyemtangulia. Dai LUKU yako. Mita ndogo inayosomwa na mlinzi ni ugomvi wa kila mwezi. Mashine ya kukoboa, ya kupanga daraja au chumba cha baridi vinataka umeme wa fezi tatu, na fezi tatu iliyofika barabarani haimaanishi imefika ndani. Halafu kuna jambo la Mwanza hasa: mwamba. Ukanda wa ziwa una radi nyingi, na jengo lenye kenchi za chuma linahitaji ethi nzuri ya kupeleka umeme ardhini, lakini sehemu nyingi fimbo ya ethi inagonga jiwe kabla haijafika nusu mita. Fundi mvivu anaikata na kuifukia. Fundi mzuri anachimba mfereji mrefu usio na kina, analaza utepe wa shaba, na anapima kwa kifaa. Omba kuona kipimo.

Fremu ni daraja la kati. Mpangilio wa kawaida ni kutoboa ule ukuta wa barabarani na kugawa upana wa mita tatu tatu. Ukuta mnene wa mawe hautobolewi kama tofali la bloku. Kila mlango unataka boriti ya zege juu yake inayolala angalau sentimita 20 kila upande, na nguzo ya ukuta inayobaki kati ya milango miwili isikondeshwe. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya juu ya mlango wa fremu, jengo linakuambia boriti haitoshi. Tatizo la pili ni ngazi. Sakafu iko mita moja juu ya barabara. Mteja anayesukuma pikipiki au mwenye kiti cha magurudumu anahitaji mteremko wa moja kwa kumi na mbili, maana yake mita 12 za urefu, na hakuna mtaa mjini wenye nafasi hiyo. Ndiyo maana fremu zinazodumu humu ni za vitu ambavyo mteja hukusudia kuvifuata: vipuri, vifaa vya umeme, nyavu na zana za uvuvi, vitambaa vya jumla. Duka la kutegemea mpita njia hufungwa mapema.

Mgahawa unawezekana, na mahali pake ni jukwaani, chini ya paa la kupakilia, ambako upepo wa ziwa wa mchana unapita. Ndani ni kiza na joto. Jikoni ndiko kunakoshinda au kushindwa. Mkaa usiruhusiwe kabisa ndani ya jengo ambalo nyuma limehifadhi magunia au mitumba. Mafuta ya kukaangia yanahitaji kisanduku cha kuyanasa kabla ya bomba la maji machafu, la sivyo choo cha wapangaji wote kitaziba na lawama utaibeba wewe. Taa za njano zenye mwanga hafifu zinasaidia usiku, kwa sababu wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu hufuata taa nyeupe kali.

Ukumbi, hapana. Kwenye picha unapendeza sana: kenchi zilizo wazi, mawe, mapambo ya vitambaa. Chukua nafasi ya mita 30 kwa 12 yenye kimo cha mita 6. Zege, mawe na bati hazimezi sauti, na ukumbi ukiwa mtupu mlio unakaa sekunde sita au saba. Ukijaa watu 300 unashuka hadi karibu sekunde mbili, bado ni mwingi kwa mshereheshaji, na fundi muziki aliyepima asubuhi ukumbi ukiwa mtupu anajikuta anaanza upya jioni. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, shughuli inasimama. Vyoo vilijengwa kwa makarani na walinzi. Na la hatari zaidi ni ile milango ya kuteleza. Watu wakisukumana gizani wanausukuma mlango kwenda nje, na mlango wa kuteleza hauendi nje, unakwama. Mkaguzi wa Zimamoto na Uokoaji akiukataa mlango huo yuko sahihi. Anayeng'ang'ania ukumbi atengeneze milango ya dharura inayofunguka kwa nje pande mbili tofauti, aweke dari ya kumeza sauti, aongeze vyoo, kisha apige hesabu upya. Wengi wakifika hapo wanarudi kwenye stoo.

Popo watakuwepo. Dawa si moshi. Ni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, unaozuia na panya pia, ukiwekwa kwenye matundu yote ya juu baada ya popo kutoka jioni, na si wakati wana wachanga wasioruka. Kuziba matundu kwa mbao ndilo kosa la kawaida, kwa sababu ndiyo mapafu ya jengo, na mchele utaanza kutoa fukuto ndani ya wiki chache. Vinyesi vya zamani vinyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na mfagiaji avae barakoa.

Kwenye karatasi, tofautisha vitu viwili. Umri wa jengo haulilindi peke yake: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na godauni la enzi ya reli halifiki huko mpaka litangazwe. Kwa hiyo usitegemee kwamba mwenye jengo hawezi kulibomoa ukiwa katikati ya mkataba. Weka notisi ndefu na fidia ya matengenezo uliyofanya. Lakini hilo halikupi ruhusa ya kugeuza matumizi utakavyo. Kiwanja kilichosajiliwa kwa ghala hakigeuki mgahawa kwa leseni ya biashara peke yake. Mabadiliko ya matumizi huombwa halmashauri ya jiji na mwenye hati, si mpangaji, na ombi lianze kabla hujanunua jiko. Jengo la chakula linasajiliwa TBS, na cheti cha Zimamoto kinatakiwa kwa vyovyote.

Zuio la kodi la asilimia 10 ya pango unalipeleka TRA wewe mpangaji wa biashara, ukilikata kwenye malipo ya mwenye jengo. Wengi wa wenye magodauni hutaja bei wakimaanisha fedha kamili mkononi, kwa hiyo swali la kumuuliza siku ya kwanza ni kama hiyo bei ina zuio ndani yake au zuio linaongezwa juu yake. Na mpangaji anayetoka akikudai kilemba ili akuachie nafasi, mwenye jengo asaini pia karatasi hiyo. Kilemba kilicholipwa bila yeye kujua hakikupi haki yoyote juu ya mlango.